Karatasi Isiyorudishwa

"Rudisha barua yangu, Hollis Prewitt."

"Sirudishi."

"Unajua kuchomoa barua kwenye sanduku la mtu ni kesi ya serikali kuu?"

"Waite basi. Kahawa ipo, nitawapokea vizuri."

Verlene Gatlin alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara na ndara zake, matongotongo ya usingizi bado yamemkaa machoni, mkono mmoja umeling'ang'ania sanduku la barua kana kwamba nalo lingebebwa. Robo saa iliyopita alitia bahasha humo, akainua kibendera chekundu cha ubavuni ili mpeleka barua asipite moja kwa moja, akarudi jikoni kutazama kunde zake. Alipochungulia dirishani kibendera kilikuwa kimelala, na jirani yake anachechemea kurudi kwake, bahasha kwapani, njugu za mti wa pekani zikipasuka chini ya fimbo yake.

Hollis alikuwa mwalimu wa useremala miaka thelathini na tatu. Alistaafu na vidole vinane na ile fimbo aliyoichonga mwenyewe. Yeye na Verlene walikuwa wamegombana kuhusu ua, kuhusu jogoo, kuhusu matawi ya mti yanayomwaga njugu upande usio wao, lakini mkono wa Hollis haujawahi kuingia kwenye kitu cha mtu. Ndiyo maana Bi Opaline wa nyumba ya pili alikuwa anafagia majani yaleyale kwa dakika kumi sasa, shingo imerefuka kama bata mzinga.

"Barua inatakiwa ipigwe mhuri wa leo," Verlene alisema. "Leo, Hollis. Saa kumi na moja jioni mlango unafungwa. Nikikosa, nani atanilipia sindano za jicho? Wewe na kuku wako?"

"Jana jioni uliniambia hapa hapa uani umejaza kurasa zote nne."

"Nimejaza. Mimi si mtu wa kuacha nafasi tupu."

"Ndiyo maana sikulala," Hollis akasema.

Tangu mwanzo wa Oktoba Verlene alikuwa hatulii. Kijitabu cha mfuko wa walimu wastaafu kilikuja kwa posta, kurasa sitini na nne, maandishi kama mayai ya chawa, na fomu ya kurasa nne ndani yake. Alikisoma mara tatu na kalamu ya manjano mkononi. Njia zilikuwa tatu: abaki kwenye bima ya matibabu aliyonayo, ahamie ile nafuu yenye orodha fupi ya madaktari, ambamo daktari wake wa jicho hayumo, au ajitoe kabisa, achukue bima ya kampuni binafsi kutoka kwa wale vijana wa tai waliowaalika walimu wazee kula nyama ya kuchoma bure pale hotelini. Verlene alikwenda, akala, akafunga vipande viwili kwenye karatasi, akarudi hajasaini kitu. Ukilishwa bure na muuza bima, alimwambia Opaline, jua nyama ni wewe.

Aliamua kubaki. Hilo halikumsumbua. Kila mwezi aliketi kwenye kile kiti cha ngozi mjini, kichwa kimelazwa nyuma, akachomwa sindano katika jicho la kushoto ili lile doa jeusi katikati lisikue. Bila sindano doa lingekula kwanza herufi, kisha nyuso. Kilichomsumbua ni jinsi ya kuwaambia kwamba anabaki. Kwa miaka arobaini na mmoja, mbele ya watoto wa darasa la tatu, alikuwa amesema neno moja kila mtihani: asiyerudisha karatasi ni sifuri. Jibu hata kama hujui. Usiniachie mstari mtupu. Kwa hiyo juzi alikaa mezani na kalamu nyeusi, ile nyekundu ikiwa kando kwa mazoea, akajaza. Palipotaka jina aliandika jina. Palipotaka sahihi alisaini, kwa mwandiko wa mviringo ambao nusu ya mji huu umejifunza kwake.

"Nipe, Hollis. Gari lile linakuja."

Kweli lilikuwa linakuja. Gari jeupe la posta lilikuwa limeshaingia Mtaa wa Pecan, linasimama na kuondoka, linasimama na kuondoka. Verlene alisikia kila sanduku likifunguliwa na kufungwa. Tano zimebaki. Nne.

"Fungua ukurasa wa nne," Hollis alisema. "Usome mbele yangu, kisha ukitaka nitampa mwenyewe kwa mkono wangu."

"Nimeusoma mara tatu."

"Soma mara ya nne. Kwani kusoma kuna ada?"

Alinyoosha bahasha, na Verlene akainyakua. Sasa angeweza kuitia sandukuni, ainue kibendera, mambo yaishe. Lakini alikuwa amemfahamu mtu huyu miaka ishirini na sita, hakuwahi kumwona amefura namna hii, shingo nyekundu, macho yanakwepa. Akapasua bahasha.

Ukurasa wa nne ulikuwa mfupi. *Nimeelewa kwamba nikijitoa sitaweza kurudi.* Chini yake, sahihi.

"Nimeelewa," Verlene alisema. "Wanauliza kama nimeelewa. Nimeelewa, nikasaini. Tatizo liko wapi?"

"Ukurasa wote huo ni wa wanaotoka, Verlene. Ukitia sahihi pale, umetoka."

"Nani kakwambia?"

Gari lilisimama kwa Bi Opaline. Hollis aliangalia upande ule, akashusha sauti mpaka ikawa kama ya mtu anayeongea na kuni.

"Mwaka jana nilijaza vilevile. Zote nne. Nilikuwa najiona nadhifu."

Mtaa ule ulijua nani anapaka nywele rangi na nani kalala kochini wiki nzima. Kuhusu nyonga ya Hollis mtaa ulikuwa na jibu tayari: ukaidi. Daktari alishamwambia ibadilishwe, yeye hataki kisu. Verlene mwenyewe alisema hivyo kanisani, tena kwa kicheko. "Wewe si ulisema unaogopa kulazwa," alisema polepole.

"Nilisema. Ningesemaje? Mwalimu mzima, nimeshindwa fomu. Nimebaki na ile bima ya serikali ya wazee peke yake. Inalipa sehemu, kilichobaki ni juu yangu, na nyonga si bawaba ya mlango."

Gari lilisimama mbele yao. Nedra, mpeleka barua, alitoa kichwa. Naye alipita darasa la tatu kwa Verlene, na mpaka leo alimwogopa kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Kuna kitu leo?"

Karatasi ilikuwa wazi mkononi mwa Verlene. Kama Hollis amekosea, na gari hili likaondoka, yeye ni yule mtoto asiyerudisha mtihani. Nedra alisubiri, injini inanguruma. Bi Opaline alikuwa ameacha hata kujifanya anafagia.

"Marahaba. Pita, mwanangu," Verlene alisema. "Leo hakuna."

Gari likageuka kona. Verlene alipiga simu ofisi ya mfuko kutoka kibarazani, sauti ameifungua kubwa. Muziki wa kinanda, kisha sauti: wewe ni wa thelathini na nane kwenye foleni. Akapangusa kiti. Akapanga vyungu vya maua, akavipangua. Hollis alisimama akiegemea nguzo, maana kukaa kulimuuma kuliko kusimama. Wa ishirini na moja. Verlene aliingia kukoroga kunde, akatoka mbio kinanda kiliponyamaza, kumbe kilikuwa kinaanza upya.

"Nenda nyumbani, Hollis."

"Niende ili ukausaini na ukurasa wa tano?"

Ilikuwa inakaribia saa nane mchana binti mmoja alipopokea. Verlene alieleza kwa utaratibu, kama anayesoma mahudhurio.

"Hukutuma, mama?"

"Ninayo mkononi."

"Basi hujapotea. Anayetaka kubaki kama alivyo harudishi kitu."

"Hata kusaini?"

"Hata kusaini."

"Sasa mtajuaje kwamba nipo?"

Upande wa pili kibodi ikasikika ikibonyezwa. "Tunajua, mama. Upo hapa mbele yangu."

Verlene alimwambia arudie, naye akarudia. Kisha Verlene akamtazama Hollis, ambaye alianza kutikisa kichwa kabla hajasikia lolote.

"Nina mwanafunzi mmoja," Verlene akasema kwenye simu. "Mzito wa kuuliza. Mwaka jana alisaini ukurasa wa nne, alitaka kubaki. Kuna njia?"

"Kurudi hakuruhusiwi, mama. Ila anaweza kuandika barua aombe kesi yake isikilizwe upya, aeleze ilikuwaje. Ifike kabla ya Ijumaa ijayo. Siwezi kuahidi kitu."

"Sijaomba ahadi. Nipe anwani."

Aliiandika nyuma ya ukurasa wa nne, kwa mviringo uleule, akakata simu. Kisha akamkabidhi Hollis karatasi hiyo.

"Nani kakutuma?" Hollis aliuliza. "Sasa nikaandike kwamba sijui kusoma?"

"Utaandika ulivyofanya. Nitakusahihisha."

"Wasikubali je?"

Verlene alichukua zile kurasa tatu zilizobaki, akazikunja, akazitia mfukoni mwa aproni. Mkono ukarudi mfukoni mara mbili kuzigusa, mara ya pili akaushika mkono huo kwa mwingine. Kule barabarani kibendera chekundu kilikuwa kimelala palepale Hollis alipokilaza.

"Nina kahawa nyumbani," Hollis alisema, akitafuta fimbo yake.

"Kahawa si chakula." Verlene alikuwa ameshaushika mlango wa wavu, ameufungua wote, na harufu ya kunde na mkate wa mahindi ikatoka mpaka ngazini. "Kuna ngazi tatu. Shika hapa begani. Ingia, Hollis, kunde zinakauka maji."