Ufunguo wa Kinu

Mwenye bodaboda alimshusha Doreen pale njia ilipokataa magurudumu, nyumba yenye bati jipya ikionekana juu kwenye migomba. Ndiyo ya mama Halidi. Doreen akajifunga kanga moja kiunoni, ya pili akajitanda, akaanza kupanda. Tangu mazishi alikuwa hajapata usingizi wa maana, na milima ya Kinole haimhurumii mtu kwa sababu hiyo.

Alikuwa amefuata ufunguo. Si wa mlango. Ulikuwa msururu mrefu wa herufi na namba uliokaa ndani ya kompyuta ya marehemu Halidi, na bila huo yeye Doreen alikuwa amekwisha.

Kwa miaka saba yeye na Halidi walikuwa wamejenga Kinu, programu ya kujengea programu. Unaandika kazi yako mara moja, unaitia Kinuni, inatoka ikiwa tayari kwa Windows, kwa Mac na kwa Linux. Walikitoa bure, msimbo wake wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, na dunia, ambayo haijawahi kukataa cha bure, ikakipokea kwa mikono miwili. Watu wa Brazili, wa India na wa Ufini walikitumia kila siku, wengi wao bila kujua Morogoro iko upande gani wa ramani.

Sasa toleo la mwisho lilikuwa na hitilafu, na hitilafu yenyewe ilikuwa ya Doreen. Aliandika mstari wa kufagia mabaki kazi inapomalizika. Kumbe kwenye Windows, jina la folda likiwa na nafasi katikati, ufagio ule ulipitiliza na kufuta kazi yote ya mtu. Halidi, ambaye siku zote alikagua mpaka nukta, safari hiyo alikagua akiwa na homa. Akatia saini, toleo likatoka. Malaria ikampanda kichwani, wiki haikuisha wakamzika.

Dawa ya hitilafu ile Doreen alikuwa nayo, ameshaiandika na kuijaribu. Lakini Kinu kilichomo kwenye kompyuta za watu hakipokei toleo jipya mpaka litiwe saini kwa ufunguo ule. Walikijenga hivyo wenyewe, ili mwizi asije akapenyeza sumu. Matokeo yake mwenye nyumba alikuwa nje, amefungiwa kwa kufuli alilolichagua mwenyewe, na ndani nyumba inaungua. Kila asubuhi kompyuta nyingine zilijipakulia toleo bovu, na kila asubuhi mtu mwingine alikuta kazi yake haipo. Alibandika onyo, lakini nani husoma maonyo?

Nakala ya ufunguo aliwahi kuiomba, tena si mara moja. Halidi alicheka tu. "Funguo zikiwa mbili, mwizi hajulikani." Mtu mwenye akili kama zile na ujinga kama ule, Mungu amrehemu. Chuoni anakofundisha Doreen, mwenzake mmoja alimfariji kwamba kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Doreen alimshukuru kwa adabu, ingawa koleo lilikuwa moja tu duniani.

Habari za kifo hakuwa amewatangazia watumiaji. Aliogopa wabaya wakijua mwenye ufunguo hayupo watajaribu kuingia. Alijiambia apate ufunguo kwanza, atie saini, ndipo aseme.

"Hodi hapa."

"Karibu."

Bi Mwanaheri, mama yake Halidi, alikuwa amekaa barazani akimenya magimbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule wa kazini kwake? Mazishini nilikuona."

"Ndiye mimi. Pole tena, mama."

"Tumeshapoa. Kaa, chai ipo."

Doreen akanywa chai ya mchaichai. Akauliza habari za kompyuta. Alijua iko hapa, kwa sababu Mluguru ni wa ukoo wa mama yake, awe hai awe maiti, na vyombo vyote vya chumba alichopanga Halidi mjini, Mwembesongo, vilikuwa vimepandishwa mlimani bila mtu kuuliza. Bi Mwanaheri akaingia ndani, akarudi nayo imevingirishwa kwenye kanga safi.

Doreen akaiwasha. Ikamkaribisha kama mgeni, ikamwomba achague lugha.

Akaizima, akaiwasha tena. Lugha.

"Mama, nani ameigusa hii?"

"Nilipita nayo kwa fundi pale stendi ya Msamvu kabla ya kupanda gari. Nikamwambia afute vyote, na asitazame hata kimoja. Nikasimama juu yake mpaka amalize." Bi Mwanaheri alisema kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu. "Mwaka juzi hapa kijijini walifungua simu ya marehemu, matanga hayajaanuliwa. Mambo yake yakasomwa barazani, mjane anasikia. Nikaapa, mwanangu hatafanyiwa hivyo. Maiti husitiriwa mwili, na mengine nayo yasitiriwe."

"Alikuwa na kiflashi," Doreen alisema. Kama ufunguo ulikuwa na nakala, ilikuwa humo. "Kidogo, cheusi, cha kuchomeka. Alikitia pamoja na funguo za chumba."

"Kile nilikiponda kwa jiwe. Simu pia."

Doreen alitamani kupiga ukunga. Alitamani kumshika mama huyu mabega na kumwambia ameponda nini. Alizitazama zile kuta za udongo, na magimbi kwenye sinia, na akili yake ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa: labda mahali pengine, labda nakala, labda. Hapakuwa na labda. Halidi hakuweka nakala nyingine. Maji yalikuwa yamemwagika.

Bi Mwanaheri alikuwa akimtazama. Kisu kilikuwa kimesimama.

"Mwanangu, nimeharibu kitu?"

"Hapana, mama. Umemsitiri."

Mama akashusha pumzi, lakini macho hayakumtoka usoni. "Miaka yote akiniambia ana kazi na watu wa dunia nzima, wala hawamlipi. Nilidhani ananidanganya. Ni kweli watu hao wapo?"

"Wapo."

"Wanajua amekufa? Wamesema nini?"

Doreen akatoa simu. Ujumbe wa asubuhi ulikuwa umeingia wote, kwa Kiingereza, mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza ulimwita Halidi mwizi, maana saini ya toleo ilikuwa yake. Wa pili uliuliza mwoga huyo amejificha wapi. Wa tatu ulitoka kwa mwanafunzi aliyepoteza utafiti wake wote, akamwombea Halidi naye apoteze akipendacho. Bi Mwanaheri alisogea, akaukodolea macho mwandiko asioufahamu.

"Huyu ni wa Brazili," Doreen alisema. "Anasema Halidi alikuwa mtu mwaminifu. Huyu wa pili anauliza kaburi liko wapi, angependa siku moja afike. Na huyu ni mwanafunzi." Akaivuta simu kifuani. "Anasema anamwombea."

Bi Mwanaheri akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Alilia taratibu, kilio cha mtu aliyeambiwa mwanawe hakuishi bure, na Doreen akalia naye, kila mmoja na lake.

"Waambie pole zao zimefika," mama alisema. "Usisahau."

Simu haikuwa na mtandao pale barazani. Doreen akaaga, akapanda mpaka penye msikiti, mahali vijana husimama kupiga simu, akakaa juu ya jiwe. Aliandika kwamba hitilafu ni yake, aliyeandika mstari ule ni yeye. Aliandika kwamba ufunguo ameupoteza yeye, kwa uzembe wake, na hautapatikana tena. Kifuteni Kinu kwenye kompyuta zenu leo hii, aliandika, msikiamini tena, kimekufa. Halidi hakujificha. Tulimzika Kinole kabla hamjaanza kumtafuta.

Akasoma tena. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, ndipo akakumbuka ametumwa. Akaongeza mstari mmoja chini:

Mama yake anasema pole zenu zimefika.

Akatuma.