Meza ya Kulehemu

Kiwandani walimwita Rula, kwa kuwa hakuna kitu alichokipita bila kukipima. Kazi yake ilikuwa kubuni alternata, ile mashine inayozungushwa na injini ili gari lisiishiwe umeme, na kwa muda mrefu tatizo moja lilikuwa limemkosesha raha. Ndani ya alternata za kiwanda kile nyaya za shaba zililehemiwa, yaani zilishikizwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Kipande kimoja kikiungua, fundi wa mtaani hana budi kuiyeyusha risasi ile upya, na mara nyingi huunguza hata vile vilivyokuwa vizima. Basi watu hutupa alternata nzima kwa ugonjwa wa kipande cha ukubwa wa kifungo.

Rula akachora nyingine. Nyaya zake zilibanwa kwa skrubu, na mfuniko wa nyuma ulifunguka kwa spana ya kawaida ambayo kila fundi anayo. Kuiunganisha rahisi, kuitengeneza rahisi. Mchoro ulipokamilika alibaki akitabasamu peke yake ofisini, kisha tabasamu likakatika. Alternata isiyolehemiwa haina haja na meza ya kulehemu, na kwenye meza ya kulehemu ndipo alipokaa shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Kaka yake alipofariki alimchukua binti yule angali kibogoyo wa meno ya utoto, akamsomesha, na mpaka leo walikaa nyumba moja. Moshi wa risasi ulikuwa umemzoea, hata nguo zake zikitoka kufuliwa zilinukia kazi. Jioni wakila alipenda kuuliza siku hizi wanachora nini huko juu. Rula alijibu kuwa ni mambo ya ofisi tu, akaomba asogezewe chumvi. Alijiambia atasema mchoro ukikubaliwa. Ulipokubaliwa, akajiambia atasema sampuli ikitoka. Mwoga hakosi kesho.

Siku ya kuwaonyesha wageni sampuli, meneja alitaka mtu wa kiwandani aiunganishe mbele yao, mtu ambaye hajawahi kuiona, ili urahisi wake ujionyeshe wenyewe. Akasema mikono mizuri kuliko yote iko meza ya kulehemu, akaagiza shangazi aitwe. Rula alikuwa amesimama ubavuni pake. Akajishughulisha na kuzihesabu skrubu za sampuli.

Shangazi alikuja akijifuta mikono. Alipomwona mtoto wa kaka yake katikati ya wakubwa, alinyoosha mabega kwa fahari. Akavipanga vipande, akaanza na beringi, akaingia ndani kidogo kidogo kama mtu anayevisha mtoto nguo. Hakukosea. Alipofika kwenye ncha za nyaya akatazama huku na huku.

"Pasi ya kulehemu iko wapi?"

"Haihitajiki tena, mama," meneja akasema, huku akiwageukia wageni. "Hiyo ndiyo habari njema yenyewe."

Shangazi akaziokota skrubu, akazikaza polepole, akafunga mfuniko. Wageni wakapiga makofi. Naye akapiga kidogo, kwa adabu, kisha akamtazama Rula. Rula aliangalia viatu vyake. Masikio yalimwaka moto kama mtu aliyezabwa kibao mbele ya kadamnasi.

Baadaye Rula alimkuta nyuma ya stoo, kwenye sinki la kunawia.

"Ulijua tangu lini?" shangazi akauliza.

"Tangu mchoro wa kwanza, shangazi."

Shangazi alifunga bomba. Alisema kazi haina mwenyewe, na kwamba kitu alichokiunganisha pale ni kizuri, hilo hatalikana.

"Lakini umeniacha nikawachimbia wenzangu kaburi kwa mikono yangu, nawe umesimama unanitazama. Sasa wanadhani tulipanga mimi na wewe."

Ilikuwa kweli. Kule mezani wenzake walikuwa wameshamgeuzia mgongo. Bi Kicheko, ambaye utani wake ndio uliokuwa ukiwasogezea siku, alisema bila kucheka kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Wakati wa chakula Rula alikwenda kwenye meza ile. Akawaambia kuwa shangazi yake hakujua lolote. Aliyejua na kuficha ni yeye. Wanawake wakamsikiliza wakitafuna. Kisha Bi Kicheko akauliza, tena kwa upole, "Na sisi tunapelekwa wapi?"

Rula alikuwa amepima unene wa kila waya, lakini swali hilo hakuwahi kumwuliza mtu.

Alikwenda kwa meneja siku ileile kuwaombea kazi nyingine, akarudi tena na tena, mpaka meneja akaanza kumkwepa kwenye korido. Mwishowe baadhi yao walipelekwa chumba cha kutengeneza alternata zilizorudishwa, wengine upakiaji. Bi Kicheko hakupata nafasi. Aliaga kila mtu kwa mkono, na alipomfikia Rula akampa mkono vilevile, bila utani. Shangazi alitengewa kiti kwenye matengenezo; akakikataa, akasema apewe mwenye watoto wadogo. Yeye akaenda kupakia maboksi.

Nyumbani hakugomba. Alipika, akacheka na majirani, akamwamsha Rula asichelewe. Mambo ya kiwandani ndiyo hakuyagusa tena. Rula naye akawa anazunguka kwa nyuma ili asipite upakiaji, mpaka asubuhi moja alipojilazimisha kukatiza katikati yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Wafanyakazi wenzake wapya wakauliza binti huyo ni nani. Shangazi aliendelea kufunga boksi lake.

"Mtoto wa kaka yangu," akasema. "Mpisheni, anawahi kazini."

Wakampisha. Rula akawaamkia wote, akapita kati ya maboksi macho yakiwa chini.