Uzi Uliozungushwa Kinyume

Nzi kumi na wawili wa yule mtu wa Muonio walifika Jumanne ndani ya kopo la peremende, na ndio waliomtoa Tauno akili.

Si nzi wa chooni, jamani. Ni ndoano ndogo zilizovikwa uzi na manyoya mpaka zikafanana na wadudu, za kumhadaa harjus, yule samaki mwenye pezi refu la mgongoni. Kila Machi, mito ikiwa bado imefunikwa na barafu, wavuvi kumi na wawili waliopenda kazi hiyo walipeana nzi. Kila mmoja alifunga kumi na wawili wa aina moja, akawatuma kwa Reino kule Kuusamo, naye Reino akawagawa ili kila mtu arudishiwe kumi na wawili wasiofanana. Tauno alikuwa jirani yake, mzee wa miaka sabini na mmoja aliyefiwa na mke, hana la kufanya mpaka barafu iyeyuke. Alikuja kusaidia kugawa.

"Kahawa inapoa," Reino alisema. "Umemkodolea macho huyo nzi utadhani unataka kumposa."

"Nipe lenzi."

"Mzee, kuna wengine mia moja na thelathini na wawili wanatungoja."

"Nipe lenzi, bwana!"

Chini ya lenzi waya mwembamba wa shaba ulizunguka mwili wa nzi ukilalia upande usio wake. Kumi na wawili wote vivyo hivyo. Kila aliyekaa mbele ya jiliwa, kile chuma cha kubania ndoano, anazungusha uzi kutoka kwake kwenda mbele, ila huyu alikuwa ameuvuta kurudi nyuma.

"Ni mashoto," Tauno alisema.

"Mashoto wapo tele nchi hii."

"Na hii je?" Alionyesha kwa ncha ya sindano. Mkiani palikuwa na mizunguko miwili ya uzi mwekundu, isiyo na kazi yoyote. "Reino, huyu ni Saila."

Reino aliichukua lenzi atazame mwenyewe. Saila alikuwa mtoto wa pekee wa Tauno. Tauno alimfundisha kufunga nzi binti akiwa na miaka tisa, kwenye meza ya jikoni, akamgeuza mkono mara mia mpaka akachoka akamwacha na umashoto wake. Ule uzi mwekundu binti aliubuni mwenyewe. Alisema ni ili samaki ajue mkia uko wapi.

Miaka minane sasa walikuwa hawajasemezana, na kosa, tuseme ukweli, lilikuwa la baba. Mkewe Aune alikuwa mgonjwa wa moyo. Siku moja ya Juni harjus walikuwa wanapanda juu ya maji kula, Tauno akasema saa moja tu, akaacha simu garini, akakaa mtoni saa sita. Aliporudi na samaki wake wanne, Aune alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Alikuita," Saila alimwambia. "Alikuita mpaka sauti ikamkatika."

Mtu mwingine angelia. Tauno alisema, "Kama umekuja kunihukumu, mlango ule pale." Binti akafungua jiliwa lake kutoka ukingoni mwa meza, akalitia mkobani, akaondoka.

Atapiga yeye kwanza, Tauno alijiambia, mimi ndiye baba. Kisha miaka miwili iliyopita mwanamume asiyemjua akapiga simu. "Nakupigia kuhusu Saila," alisema. Moyo wa Tauno uliruka, lakini mdomo ule, loo! "Kama ana neno na mimi, apige mwenyewe," akakata. Na baada ya hapo akakaa karibu na simu wiki nzima, hata sauna, bafu la mvuke, hakwenda, akiogopa italia hayupo. Ukaidi gani huu? Simu haikulia.

"Kikaratasi cha kopo kinasema Jouni Kotavuopio, na anwani yake," Reino alisema. "Labda ni mumewe. Labda binti kajificha nyuma ya jina lake aone kama utamtambua."

Tauno aliipenda sana fikra hiyo. Alilala nayo, akaamka nayo. Asubuhi alinyoa ndevu, akanunua mikate mitamu ya iliki ambayo Saila alikuwa akiila mpaka inamdondokea kifuani, akaendesha gari saa tano kwenye barabara ya theluji. Njia nzima alijifunza maneno yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa mtoni, na mahali pangu palikuwa nyumbani." Mara za kwanza aliyakatiza katikati. Alipofika Muonio yalikuwa yanatoka bila shida.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, amevaa soksi za sufu, kikombe mkono wa kulia.

"Mimi ni Tauno, kutoka Kuusamo."

Yule mtu alisogea kando kumpisha. "Nakujua ni nani," alisema. "Ingia, mzee."

Dirishani palikuwa na jiliwa la kijani lililobanduka rangi. Tauno alilijua. Yeye ndiye aliyelinunua.

"Yuko wapi? Ametoka?"

"Nani?"

"Saila, bwana! Nimewajua nzi wake."

Jouni aliweka kikombe chini polepole. "Wale nzi nimewafunga mimi."

"Usinifanye mtoto. Wale amefunga mashoto, na wewe si mashoto."

Jouni hakubishana. Alikaa, akabana ndoano kwenye jiliwa, akashika uzi kwa mkono wa kulia. Akauzungusha kurudi nyuma, kuja kwake, njia ambayo mkono wa kulia hauipendi, na bado ulikwenda laini. Mkiani akatia mizunguko miwili myekundu.

"Sijui njia nyingine," alisema. "Mke wangu alinifundisha hivi. Na huu mwekundu aliniapisha nisiusahau, eti samaki hatajua mkia uko wapi."

Tauno bado alikuwa ameshika mfuko wa mikate. "Mwite basi."

"Mzee," Jouni alisema, akaweka uzi chini. "Alikufa. Saratani. Mwezi ujao inatimia miaka miwili. Nilikupigia. Nilitaka kukuambia mazishi ni lini."

Apige mwenyewe. Tauno alijisikia akiyasema tena, kwa sauti ile ile ya ubabe, akimwambia mtu ambaye mkewe alikuwa bado hajazikwa. Alitafuta kiti kwa mkono kama kipofu, akakaa.

"Alinitaja?"

"Alilala na simu kando ya mto wa kulalia. Nikimwambia, mpigie wewe, anasema, 'Baba atapiga. Ni mkaidi tu, ila atapiga.'"

Hapo mzee alilia. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, mtu ambaye hakumlilia hata mkewe. Yale maneno aliyoyabeba saa tano yalimtoka yenyewe, nisamehe mwanangu, nilikuwa mtoni, na hapakuwa na wa kuyapokea ila mume wa binti, aliyesimama dirishani akijifuta macho kwa mkono wa sweta. Kahawa ilichemka mpaka ikamwagika jikoni, hakuna aliyekwenda kuitazama.

Baadaye sana Tauno alivuta kiti mpaka kwenye jiliwa. "Nionyeshe," alisema.

Jouni alibana ndoano mpya, akampa uzi. Vidole vya mzee vilikuwa na miaka sitini ya kazi hiyo, vikaanza vyenyewe, haraka, kutoka kwake kwenda mbele.

"Si huko," Jouni alisema, akamshika mkono taratibu, akaugeuza. "Upande wake."

Tauno akaufungua uzi wote, akaanza upya.