Njia ya Kumfikisha Nasra Mtae

Wageni wenye watoto wadogo walikuwa mkosi kwa vijana wote wa ofisi ya kuongoza watalii pale Lushoto, jirani na stendi. Kijana akimwona mzungu anashuka garini na mtoto mkononi, ghafla anakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Hapo ndipo alipoitwa Zuhura.

Zuhura hakuwa mwongozaji kwa cheo. Aliingia pale kama mpishi wa safari, miaka ile mambo yalipokwisha kuwa ruksa, nguo za mitumba zikamwagwa mpaka mlangoni pa soko na wageni wenye mashanta mgongoni wakawa wanapanda mlima kila wiki. Alibeba sufuria, akapika makande kandokando ya njia, na akaona mambo. Aliona watoto wa miaka mitano wanapelekwa kwa mwendo wa askari, mtoto analia kutoka Magamba mpaka Lukozi, baba mtu amenuna, mama mtu naye machozi yanamlengalenga. Siku moja akawaambia vijana wazi kwamba wao hawaongozi watu, wanaswaga mbuzi. Walimcheka sana. Lakini familia nyingine ilipofika, wakamsukumia yeye: haya, fundi, chagua wewe.

Akachagua. Hakuuliza mtoto ana umri gani, maana wapo wa miaka minne wenye miguu na wapo wa tisa wanaodeka. Alimtazama anavyoshuka garini. Anayeruka chini na kuinama kuokota kijiwe, huyo atatembea kutwa, mradi asiharakishwe. Anayeng'ang'ania sketi ya mama yake, huyo apelekwe Irente tu, akalione bonde, anywe maziwa, arudi. Mlima upandwe asubuhi. Njiani pawe na maji ya kuchezea, si ya kunywa peke yake. Pa kulala pawe na mifugo, kwa sababu mtoto aliyekumbatia ndama hakumbuki kwamba miguu inauma. Na asiulizwe kama amechoka, maana akiulizwa tu, amechoka.

Elimu hiyo yote aliipata kwa binti yake, Nasra. Kila njia ya karibu na Lushoto ilipimwa kwanza kwa miguu ya Nasra, tangu akiwa na miaka mitatu. Njia ya Mtae tu ndiyo hakuwahi kumpitisha. Kule mbali, mwisho wa milima, kulikuwa kwa wakwe zake Zuhura, na tangu apewe talaka hakuwa na hamu ya kukanyaga kule.

Ismaili, mumewe wa zamani, alikuwa Tanga na mke mwingine na biashara ya viatu. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mtu wa kusahau. Alisahau sikukuu, akasahau sare za shule, lakini Nasra alipotimiza miaka saba, ukoo wake haukusahau. Kaka yake Ismaili akaja Lushoto na wazee wawili, wakaketi kwa mjomba wake Zuhura, Mzee Kassimu, wakanywa chai, wakasema walichokuja kusema. Mtoto ni wa kwao. Mama alikwisha mlea, wanamshukuru, sasa amefikia umri wa kurudi kwa watu wa baba yake. Atakaa Mtae na bibi yake.

"Mjomba," alisema Zuhura, amepiga magoti mkekani, "nakuomba uniombee. Baba yake mwenyewe hata hakai huko."

"Mwanangu, nimewaomba kabla hujaingia," alijibu Mzee Kassimu, na kweli macho yake yalikuwa mekundu. "Mila ni hiyo. Hata wewe ulikuwa wa baba yako."

"Na kumtembelea?"

Kaka mtu akajikohoza. "Shemeji, mtoto azoee kwanza. Ukija mapema utamvuruga. Akishatulia, tutakuita."

Kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akaambiwa aende, ataitwa, anajua maana ya neno hilo. Zuhura alijua. Akainamisha kichwa, na alipokiinua alikuwa na ombi moja tu: ampeleke mtoto yeye mwenyewe, kwa miguu.

Wazee walitazamana. Basi lipo, linaondoka Lushoto asubuhi, linafika Mtae siku hiyohiyo. Kwa nini kumtesa mtoto? Zuhura akasema mtoto hutapika garini. Hilo lilikuwa kweli, wakakubali, na mmoja wao akamsifu kwamba ni mama mwenye adabu, anayekabidhi kwa mkono wake.

Adabu haikuwamo. Alichokuwa nacho kichwani ni kimoja. Garini mtoto angelala, aamke yuko Mtae, kama aliyedondoshwa tu pale. Lakini mtoto aliyeitembea njia anaijua. Leo hawezi, ana miaka saba. Akiwa na miaka kumi, akiwa na kumi na mbili, siku moja akimtamani mama yake, atajifunga kanga kiunoni na kushika njia mwenyewe, na hakuna mzee atakayeitwa kwenye mkeka kuamua hilo. Zuhura alitaka kuitia njia ya kurudi ndani ya kichwa cha mwanawe. Hilo tu ndilo lililobaki mkononi mwake.

Akakaa kuchagua, kama alivyowachagulia watoto wa watu. Kulikuwa na barabara ya magari: moja, pana, haipotezi mtu. Lakini ina vumbi, haina kivuli, na malori ya kabichi hupita kwa fujo. Halafu kulikuwa na njia za miguu, za msituni na za mashambani, zenye vijito na vivuli na nyumba za watu aliofahamiana nao katika kazi. Zuhura alipima moja, akapima nyingine. Mkono wake wa kazi ukachagua njia za miguu. Akapanga vituo vifupi, akapanga pa kulala penye mbuzi, akatia shantani ndizi, viazi vya kuchemsha, sweta, na ile mbeleko aliyombebea Nasra utotoni. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la mtu aliyeijua kazi yake kupita kiasi.

Waliondoka wakati wa likizo, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Nasra alikuwa na raba za mitumba zenye kamba nyekundu na furaha isiyo kifani, kwa sababu hatimaye alikuwa akienda safari ndefu kama wazungu. Kwamba angebaki kwa bibi, aliambiwa. Alilisikia kama watoto wanavyosikia: kwa bibi kuna sungura?

Na safari ilikuwa nzuri. Lazima isemwe hivyo, ingawa inauma kusema. Msituni Magamba waliwaona mbega, weusi wenye mikia myeupe, wakirukaruka juu kabisa. Nasra alipiga kelele mpaka wakakimbia. Alipoanza kuburuta miguu, Zuhura alimfunga mgongoni kwa mbeleko, mtoto mzima wa miaka saba, miguu ikining'inia, na wanawake waliotoka kuchanja kuni wakamtania, "Mwe! Mama, huyo si anakaribia kuolewa?" Nasra akacheka, kisha akalala. Alilala msitu wote uliobaki. Zuhura aliihisi pumzi yake shingoni na hakutaka kumwamsha. Angemwamshaje?

Lukozi walilala kwa mama mmoja, Dorkasi, mkulima wa viazi aliyezoea kuwapokea wageni wa Zuhura. Alikuwa na mwanambuzi wa siku chache, Nasra akala chakula chake amempakata. Nasra alipolala, Dorkasi aliuliza kwa sauti ya chini, "Unampeleka abaki moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Dorkasi akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka moto ukafifia.

Njia ya kwenda Rangwi walipita kwenye kijito chenye vyura, wakakaa hapo muda mrefu, miguu majini. Walikula plamu alizowapa mzee mmoja shambani. Waliona kinyonga mwenye pembe, Nasra akambeba kwenye kijiti mpaka kinyonga mwenyewe akachoka na mambo hayo. Kila panda ya njia Zuhura alisimama, akataka kusema, "Angalia hapa, mwanangu, ukirudi shika kushoto." Mara ya kwanza alisema. Nasra akamtazama, akauliza, "Kwani tunarudi lini?" Zuhura akageuza uso, mtoto asimwone analia. Baada ya hapo kwenye kila panda alimwonyesha ua, au ndege. Penye mteremko mkali alimbeba. Penye jua kali alimbeba. Jioni walipoingia Rangwi pa kulala, Nasra alikuwa mgongoni, amefumba macho, na kesho yake alimbeba karibu njia yote mpaka Mtae.

Hakulia hata mara moja njia nzima. Katika watoto wote ambao Zuhura aliwachagulia safari, hakuna aliyewahi kusafirishwa vizuri namna ile.

Mtae imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Ukisimama uwanjani, nyika iko chini huku na huku. Bibi yake Nasra aliwapokea mlangoni. "Onga mshi," aliwasalimu kwa Kishambaa, akamkumbatia mjukuu, akamkumbatia na Zuhura, akalia. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mama mkwe mkali. Hakuwa. Alikuwa amemtandikia Nasra kitanda karibu na chake, na sungura walikuwepo, wawili, amewaazima kwa jirani.

Asubuhi yake Zuhura alimkalisha Nasra kwenye jiwe lililokuwa mbele ya nyumba, akawa anamsuka nywele. Basi lilikuwa karibu kuondoka. Akasema, kama mchezo, "Haya nieleze. Ukitaka kutoka hapa uje kwangu Lushoto, utapita wapi?"

"Kwa vyura!" alisema Nasra papo hapo. "Halafu kwa mwanambuzi wa mama Dorkasi. Halafu kwa wale mbega. Halafu nimefika."

"Vizuri. Na kutoka hapa mpaka kwa vyura?"

Nasra akafikiri. "Hapo nilikuwa mgongoni."

"Kutoka kwa mwanambuzi mpaka kwa mbega?"

"Hapo nilikuwa nimelala."

Mikono ya Zuhura ikasimama kichwani mwa mtoto. Ndipo alipoiona kazi yake yote, vipande vitamu vilivyotawanyika, na katikati hakuna njia. Akaanza kwa haraka, sauti juu, "Sema hivi: Mtae, Sunga, Rangwi, Lukozi, Magamba, Lushoto. Sema."

"Mtae, Sunga, Lukozi..."

"Rangwi! Sema tena."

"Mama, unanivuta nywele."

Zuhura akaziachia. Akaona uso wa mwanawe umeingiwa na hofu, mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani, na hofu yenyewe ameitia yeye. Akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe. Nataka tu ujue kunifuata, mwanangu. Siku nyingine mimi sipo, wewe unataka kuja. Utafanyaje?"

Swali hilo Nasra alilijua. Alizoea kumsikia mama yake akiwajibia watoto wa wageni, kila kundi, kila safari, kabla hawajaingia msituni. Uso ukamkunjuka, akajibu kwa kujiamini, kama aliyeulizwa na mwalimu somo alilolisoma vizuri.

"Mtoto akimkosa mkubwa wake asiende popote. Akae palepale, asisogee hata kidogo. Mkubwa atarudi amchukue."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Aliyasikia hayo, akaufunika uso kwa ncha ya kanga.

Zuhura alifungua mdomo kumwambia kwamba hapana, si hivyo, si safari hii. Angemwambia nini? Kwamba mkubwa hatarudi? Kwamba atoke aende, kwa njia asiyoijua? Honi ya basi ikalia kule juu. Alimaliza kusuka msuko wa mwisho, akaufunga, akambusu mtoto penye mstari wa nywele.

"Umejibu sawasawa," alisema.

Akalichukua shanta, sasa jepesi, akamwinamia mama mkwe, akashika kijia cha kwenda stendi. Kinapanda taratibu juu ya ule mgongo wa mlima, na nyumba inaonekana muda wote. Bibi alikuwa anamwita mjukuu wake ndani, uji unapoa. Watoto wa jirani walikuwa wamekuja na sungura. Zuhura aligeuka mara ya kwanza, akageuka tena, na alipofika penye basi akageuka mara ya mwisho. Nasra alikuwa bado juu ya lile jiwe, mikono magotini, hajasogea.