Kikombe Juu ya Boneti

Kila Jumamosi ya kiangazi, wenye magari ya zamani katika mji ule mdogo wa Michigan walikusanyika nyuma ya duka la aiskrimu, wakafungua boneti, wakakunjua viti vyao na kukaa. Sheria yao kuu haikuwa imeandikwa popote: gari la mwenzako huligusi mpaka uombe ruhusa. Ndiyo maana wote walipita kati ya magari mikono ikiwa mgongoni, mfano wa wakaguzi wa gwaride.

Casimir Nowicki aliishika sheria hiyo kuliko wote. Lakini Jumamosi moja dada yake, Wanda, alifika na gari jipya kabisa, la Kimarekani, lililoundwa kwa umbo la magari ya ujana wao. Casimir akalizunguka, akaguna, kisha akatua kikombe chake cha kahawa juu ya boneti.

Stan, mwenye gari la zamani lililokuwa kando, akaacha kulamba aiskrimu yake. Wanda, aliyekuwa akikunjua kiti, akakikunja tena.

"Kaka, ungekiweka hapo kama hili lingekuwa gari la Stan?"

"La Stan ni gari. Hili ni friji limevaa kofia ya babu."

"Basi friji linarudi nyumbani. Bega langu haliwezi tena usukani wa lile la zamani, na wewe unajua. Nimeliuza huku nalia. Nikadhani nikija na hili bado nitakaa nanyi. Kumbe siku zote mlikuwa mnakaribisha gari, si mimi."

Akafungua mlango. Casimir akakinyakua kikombe. Duara la kahawa likabaki juu ya rangi ya samawati. Akachomoa kile kitambaa laini ambacho hakuwahi kumwazima mtu, akainama, mkono ukamgandia hewani.

"Wanda, naomba kuligusa."

Dada mtu hakuwa na haraka.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Mwaka huu?"

Stan alicheka mpaka akapaliwa na aiskrimu.

"Haya, gusa."

Casimir alifuta taratibu. Duara lilipotoka, hakusimama. Alilitazama gari upya, safari hii kwa macho ya haki.

"Kromi yenyewe, hii ya kung'aa, ni plastiki," alisema.

"Najua."

"Na injini za siku hizi wanazifunika utadhani zinaona haya."

"Najua pia. Umemaliza?"

Kidole cha Casimir kilikuwa kikifuata mkunjo wa bati kutoka dirishani hadi kwenye taa za nyuma, polepole, bila kukwama.

"Ila aliyeuchora mgongo huu," alisema, "amekulia kwenye kiti cha nyuma cha gari kama la baba."

"Hiyo ni sifa?"

"Usinilazimishe."

Wanda akafungua boneti, kama ilivyo desturi, akakunjua kiti chake. Casimir akaliacha gari lake mwenyewe upande wa pili, akaleta kiti akakaa kando ya dada yake, kikombe mkononi.

"Nikiweke wapi?"

"Chini, kaka. Chini kabisa."

Akakiweka chini.