Mjomba Alipokaa Juani

Felismina alikuwa na kaka mmoja tu, na alimjivunia kaka huyo kuliko wengine wanavyojivunia nyumba ya bati. Raimundo, katekista wa kijiji cha Mute! Mtu aliyesomea dini mjini Pemba, Pemba hii yetu ya Msumbiji, Kireno chake mpaka padri anatikisa kichwa. Kisimani ilikuwa ni yeye tu: "Kaka yangu hajapata kukosa jibu." Wenzake walishamchoka, lakini nani angethubutu kumbishia Felismina?

Kwaresima ile, hata hivyo, swali moja lilimkaba Raimundo. Ijumaa Kuu alitakiwa asimame kanisani aeleze jinsi kifo cha mtu mmoja asiye na hatia kinavyoondoa dhambi za wengine. Kila akiandika anafuta.

"Nikiiba mimi ukafungwa wewe," alimwambia dada yake, "mwizi bado ni mimi. Haki gani hiyo? Moyo unaamini, dada, ila akili inagoma."

"Iache igome," alisema Felismina, akiendelea kupepeta mchele. "Ikichoka itanyamaza."

"Watu si wa kuambiwa amini tu. Wanataka kuelezwa."

Basi, wiki yenyewe ya Mateso ndipo balaa likaingia. Valentim, mtoto pekee wa Felismina, alikuwa barabarani na pikipiki yake ya kubeba abiria. Akamgonga Zuleica, binti wa jirani yao Abdulcarimo, na mguu wa mtoto ukavunjika. Ajali ni ajali, Abdulcarimo angeimeza. Kilichomchoma ni kwamba kijana alitazama nyuma, akamwona mtoto yuko chini analia, akaondoka mbio. Zuleica aliokotwa na wapita njia, wakamkimbiza hospitali Palma.

Valentim akatokomea porini. Na miaka hii, jamani, kijana akitokomea porini watu hawasemi amekwenda kutega ndege. Wanasema amewafuata wale wenye bunduki, na jina hilo likishamganda mtu, hana tena pa kurudi.

Felismina alijua alipo. Alimkuta juu ya dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga shambani kwao. Akambembeleza, akamfokea, akalia. Wapi! "Nitamtazamaje baba Zuleica usoni?" alisema kijana. "Kesho usiku navuka Ruvuma, mama. Usinitafute."

Asubuhi Felismina akajifunga kapulana, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake. Katika ukoo wao, mtoto akikosa, mjomba ndiye anayekwenda kwa aliyekosewa. Anavua shati, anakaa chini uani bila mkeka, anasema kosa ni langu.

"Nenda ukakae," alisema Felismina.

"Sikumgonga mimi, dada. Na Abdulcarimo si mjinga, atanihoji nishindwe."

"Nimekutuma kwenda kuhojiana? Nimesema ukakae!"

Raimundo akaenda. Abdulcarimo alipomwona kifua wazi mchangani, alishtuka.

"Inuka, katekista, unanitia aibu. Kwetu kila mtu atajibu lake mbele ya Mungu. Wewe hukumgonga mwanangu. Nikikusamehe wewe, nitakuwa nimemsamehe nani?"

Felismina, penye ua, akanyoosha shingo. Haya sasa, amwagie, ile elimu ya Pemba yote!

"Umesema kweli, jirani," alisema Raimundo. "Sina jibu."

Loo! Felismina alitamani ardhi ipasuke immeze. Kaka yake, mbele za watu, hana jibu! Lakini Raimundo hakuinuka. Jua likapanda, jasho likamchuruzika mgongoni. Watu wakajaa penye ua, wengine wakicheka. Mwanahamisi, mkewe Abdulcarimo, akamletea maji. Akayapokea kwa mikono miwili, akanywa, akabaki palepale. Abdulcarimo akaenda kuswali adhuhuri, akarudi akamkuta.

"Utakufa na jua, wewe mtu! Unangoja nini?"

"Mtoto wetu yuko porini," alisema Raimundo. "Sirudi nyumbani bila yeye."

Aibu yote ikamtoka Felismina. Alimtazama yule mtu aliyepauka vumbi, akasema moyoni, huyu ndiye kaka yangu. Kisha akatimua mbio kwenda shambani.

"Valentim! Mjomba wako amekaa juani kwa Abdulcarimo, kana kwamba yeye ndiye aliyemvunja mtoto mguu!"

"Kwa nini? Si mimi niliyemgonga?"

"Kamwulize mwenyewe!"

Kijana akashuka. Akapita katikati ya watu, akavua shati, akakaa kando ya mjomba wake. "Ni mimi, baba Zuleica," alisema. "Nilimwona yuko chini, nikakimbia."

Abdulcarimo akamsogelea, ngumi amekunja. Akamtazama kijana, akamtazama mjomba, ngumi ikalegea.

"Siku zote hizi napanga nitakavyokufanya," alisema. "Sasa nikufanye nini, na huyu amekaa hapo? Inukeni. Zuleica akitoka kitandani, utambeba wewe kwenda madrasa na kurudi, mpaka atembee mwenyewe. Nimesamehe."

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa. Raimundo akasimama bila karatasi.

"Niliwaahidi maelezo," alisema. "Sinayo. Nilikaa mahali pasipokuwa pangu, na mtoto wetu akarudi. Akili yangu bado inasema haikustahili kuwa hivyo. Na mimi nilikuwa mjomba tu, sikufa. Yule aliyekufa msalabani, kifo chake siwezi kukieleza. Namwamini."

Akaketi. Wazee wengine walinung'unika kwamba mahubiri yalikuwa mafupi mno.

Kesho yake kisimani wale wanawake walikuwa wanamsubiri Felismina kwa hamu, baada ya miaka yote ile ya kusikilizishwa.

"Ehe, mama Valentim! Kumbe kaka yako naye hukosa jibu?"

"Alikosa," alisema Felismina. Akajitwika ndoo yake, shingo imenyooka, wala hakuishika kwa mkono. "Na mwanangu yuko nyumbani."