Kobe wa Harusi ya Bibi

Bibi yangu Fidelia na Babu Antonin wamekaa pamoja miaka hamsini, wana watoto sita, na hawajafunga ndoa. Hapa kisiwani Praslin hilo si ajabu, nusu ya watu wako hivyo. Ajabu ni sababu yao. Ni kobe.

Zamani mtoto wa kike akizaliwa, baba yake anamtafutia kobe mdogo. Binti anakua, kobe anakua, siku ya harusi kobe anaingia sufuriani. Wa Bibi anaitwa Gaston. Bibi alicheza naye tangu anatambaa, akamwambia baba yake huyu haliwi. Mzee akaapa: siku ukivaa shela, Gaston tunamla. Basi Bibi hakuvaa shela. Mzee akafa, sheria ikaja ikakataza kula kobe, Bibi bado hataki. Alisema ndugu zake anawajua, sheria haiingii jikoni kwao.

Mwaka huu miguu ya Bibi imegoma na Gaston kunenepa hajaacha, hawezani naye tena. Tukampeleka kwenye bustani ya wanyama kule Grand Anse. Padogo tu, popo, kasuku, bata na zizi la kobe. Babu akaona mwanya. Jumapili akavaa suruali ya kanisani, akaniambia niwaendeshe tukamwone Gaston. Kabla Bibi hajatoka ndani akaninong'oneza kwamba leo anamposa tena, na akikataliwa basi, haombi tena maisha yake. Nilitaka kucheka, nikamwona anafuta viatu vilivyokwisha kung'aa, nikawasha gari.

Tukaingia zizini, Gaston alikuwa amejilaza topeni. Bibi akamwita, naye akaja, pole pole kama mtu anayedaiwa. Bibi akamgombeza kwamba amekonda, wakati ukimtazama amejaa kama jiwe. Akamuuliza Marcia, dada anayewatunza wanyama pale, kama kuna mtu anaweza kuja kumchukua. Marcia akasema hata yeye mwenyewe hawezi, ni jela.

Babu akakohoa.

"Fidelia. Sasa je?"

Bibi hakugeuka, anamkuna Gaston shingo. "We ulishakula kobe?"

Mimi hapo ningedanganya bila kupepesa.

"Nilikula," Babu akasema. "Harusi ya dada yangu."

"Mtamu?"

Babu akaniangalia kama vile nitamsaidia. "Mtamu sana. Niliongeza sahani."

Marcia akaanza kufagia mahali pasafi. Nikajua mzee kajimaliza. Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika, nikasogea nimshike nikidhani analia. Kumbe anacheka, mpaka akaegemea ukuta wa zizi.

"Dada yako aliniambia kabla hatujazaa wa kwanza," akasema. "Nikasema huyu mwanaume siku akitamka mwenyewe, nitamwamini. Umechelewa, mzee."

"Hukuniuliza."

"Muombe radhi Gaston."

Babu akapiga magoti kwa taabu, nimemshika kiuno, akaomba radhi kwa sauti kabisa, watu wengine wanatazama. Akamkuna shingoni. Gaston akasimama wima kwa miguu yote minne, shingo akairefusha juu, macho kafumba, starehe tupu.

"Haya," Bibi akasema. "Kesho twende kwa padri. Na karamu ni samaki."

Babu alishindwa kunyanyuka. Tulimwinua mimi na Marcia, analia waziwazi, magoti yote tope.